Siku Moja Roma kwa Kikundi: Lipa Wapi, Okoa Wapi

Mgeni kuku mweupe. Simama nje ya Colosseum saa tatu asubuhi na wenzako kumi na mmoja, wote mmevaa fulana za parokia, na kabla hamjamaliza kuhesabiana mtakuwa mmeshafuatwa na watu watatu: mwenye tiketi za kukwepa foleni, mwenye safari za basi la ghorofa, na kijana aliyekwisha kumfunga mmoja wenu bangili mkononi bila kuulizwa, sasa anadai pesa yake.

Makala haya ni ya vikundi vya namna hiyo: mahujaji kutoka Nairobi, Moshi au Bukavu, wanakwaya, wanachuo, ndugu waliotawanyika ughaibuni wakakubaliana kukutana Roma. Kwa wanaotoka nyumbani, viza ya Schengen imeshalipiwa, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na nauli ya ndege imeshakwenda. Imebaki siku moja ya kuutazama mji, na mfuko wa pamoja ulio mikononi mwa mweka hazina. Je, fedha hizo ziende wapi?

Tuchukue mfano wa watu wazima 12, kwa viingilio na nauli za mwaka 2025. Ili hesabu iwe nyepesi, tukadirie euro moja kuwa shilingi 150 za Kenya.

Chenye bei na cha bure

Anzeni kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya: mahali pa kulipia na mahali pasipolipiwa.

Colosseum ni euro 18. Tiketi hiyo hutumika kwa saa 24, na humwingiza mtu pia Forum Romanum, uliokuwa uwanja wa siasa na ibada wa Roma ya kale, na kilima cha Palatino kilichokuwa na makasri ya makaisari. Makumbusho ya Vatikani, yenye kikanisa cha Sistina na dari alilolichora Michelangelo, ni euro 20 mlangoni au 25 kwa anayenunua mtandaoni. Zile 5 za ziada ni gharama ya kutengewa saa yako ya kuingia. Pantheon ni euro 5 tangu Julai 2023. Kabla ya hapo watu waliingia bure. Kama kuna watoto, walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio Colosseum wala Pantheon.

Sasa tazameni upande wa pili. Basilika la Mtakatifu Petro ni bure. Kinachogharimu ni muda wa foleni ya ukaguzi. Ndimo Papa Paulo VI alimowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, kwa hiyo kwa hujaji wa Afrika Mashariki hapo si mahali pa kupita haraka. Uwanja wa Navona ni bure. Kuitazama chemchemi ya Trevi kutoka uwanjani ni bure. Katika kanisa la San Luigi dei Francesi mna michoro mitatu ya Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, na mlango uko wazi kwa yeyote. Hatua chache kutoka Colosseum, kanisa la San Pietro in Vincoli lina sanamu ya Musa iliyochongwa na Michelangelo. Bure pia.

Tiketi za kuhudhuria katekesi ya Papa siku ya Jumatano nazo hutolewa bila malipo. Anayewauzia tiketi hiyo anawaibia. Kumbukeni tu kwamba katekesi ikifanyika uwanjani, watalii hawaingii basilikani asubuhi hiyo, hivyo kikundi chenye siku moja tu kipange ratiba kwa kujua hilo.

Njia ya kwanza: kifurushi cha siku nzima

Kampuni nyingi huuza ziara ya siku moja yenye Colosseum asubuhi na Makumbusho ya Vatikani mchana, pamoja na mwongozaji na tiketi. Mara nyingi bei yake hupita euro 120 kwa mtu, na chakula huwa juu yako. Kwa watu 12, hiyo ni angalau euro 1,440, yaani shilingi 216,000.

Faida yake ni kwamba mtu mwingine amebeba shughuli yote. Kwa kikundi kisicho na hata mmoja wa kushughulika na tovuti na malipo ya kadi, hilo lina thamani. Lakini viingilio viwili vilivyo ndani yake, Colosseum na Vatikani, jumla ni euro 43 tu. Zilizobaki ni za mwongozaji, usimamizi na faida ya kampuni. Tena mnachanganywa na wageni msiowajua, na majengo mawili makubwa kwa siku moja huwachosha hata vijana. Mtu anayefika chini ya dari la Sistina saa tisa alasiri akiwa na miguu iliyovimba hatazami dari, anatafuta benchi.

Kwa nini basi watu wengi huishia huko? Kwa sababu wakiingia kwenye tovuti rasmi ya Colosseum hukuta tiketi zimekwisha. Tatizo hilo si la kufikirika: Aprili 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilizitoza kampuni kadhaa faini iliyokaribia euro milioni 20 kwa namna tiketi za Colosseum zilivyokuwa zikihodhiwa, baadhi kwa programu za kompyuta zinazonunua kwa kasi, kisha kuuzwa ndani ya vifurushi vya bei kubwa. Dawa ni kuwahi. Mauzo rasmi hufunguliwa siku 30 kabla ya tarehe ya ziara. Na tangu Oktoba 2023 tiketi huwa na jina la mgeni, kwa hiyo mweka hazina akusanye majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Mama Rose akiugua, Mama Anna hawezi kuingia kwa jina lake.

Njia ya pili: basi la ghorofa

Mabasi ya wazi yanayokuruhusu kupanda na kushuka siku nzima hutoza takriban euro 30. Kwa 12 ni euro 360, na hapo hamjaingia popote.

Basi hili lina haki yake kwa wazee, kwa wenye matatizo ya magoti, na kwa mtu aliyefika jana usiku mwenye usingizi wa safari. Kwa wengine wote, Roma si mji wa basi. Kutoka Colosseum hadi Trevi ni kama kilomita moja na nusu. Trevi hadi Pantheon ni mwendo wa dakika kumi. Pantheon hadi Navona ni dakika tano. Vichochoro vya katikati ni vyembamba, na tangu Januari 2019 jiji limeyawekea mabasi ya kukodi masharti makali ya kuingia katikati ya mji mkongwe. Kikundi kinachokodi basi lake chenyewe hushushwa mbali, kisha hutembea vilevile, baada ya kulilipia.

Linganisheni na usafiri wa umma. Tiketi moja ni euro 1.50 na hudumu dakika 100. Ndani yake mnabadilisha mabasi, na metro mnapanda mara moja. Tiketi ya saa 24 imepanda hadi euro 8.50 tangu Julai 2025, kwa hiyo hulipa pale tu mtu anapopanda mara sita au zaidi. Siku iliyopangwa vizuri inahitaji safari mbili: metro hadi Colosseum asubuhi, na kurudi kutoka Vatikani jioni. Hizo ni euro 3 kwa mtu, 36 kwa kikundi kizima.

Toeni 36 kwenye 360. Inabaki euro 324. Shikeni tarakimu hiyo, kwa maana ndiyo inayotupeleka njia ya tatu.

Njia ya tatu: mwongozaji wenu wenyewe

Forum Romanum bila maelezo ni nguzo zilizovunjika na nyasi. Mtu hupita chini ya Tao la Tito akipiga picha, asijue kwamba juu ya kichwa chake, ubavuni mwa tao, kimechongwa kinara cha matawi saba kilichotekwa Hekaluni Yerusalemu mwaka 70. Hajui kwamba ni Kaisari Tito huyohuyo aliyeizindua Colosseum mwaka 80, baada ya baba yake, Vespasiano, kuanza kuijenga. Msomaji wa Biblia akiyasikia hayo pale pale, mawe yanaanza kusema. Asipoyasikia, amelipa euro 18 kutazama kifusi.

Kwa hiyo mwongozaji ndiye gharama yenye maana kuliko zote. Tuseme mmekubaliana naye euro 200 kwa saa tatu. Kwa mtu mmoja hizo ni nyingi mno. Kwa 12 ni chini ya euro 17 kila mmoja, na zile 324 mlizookoa kwenye basi zinamlipa na chenji ya 124 inabaki. Hapa ndipo wingi wenu unapogeuka faida.

Mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, mwombeni kitambulisho chake: Italia ina sheria ya kitaifa ya Desemba 2023 kuhusu kazi hiyo, na mwenye leseni haoni haya kuionyesha. Pili, zungumzeni naye kabla ya kununua tiketi, kwa kuwa taratibu za vikundi si sawa na za mtu mmoja mmoja, na mwulizeni pia vifaa vya kusikilizia masikioni vinagharimu kiasi gani. Tatu, lugha. Mapadre na masista wengi wa Afrika Mashariki na Kongo husoma katika vyuo vya kipapa mjini Roma. Mkimfahamu mmoja, mwalikeni awe mkalimani, na mlipieni kiingilio na chakula.

Na zile ziara zinazotangazwa kuwa za bure? Mwishoni mwongozaji hutegemea bahasha. Mkitoa euro 10 kila mmoja ni 120, mkitoa 15 ni 180, na bado mmechanganywa na wageni wengine na hamkuingia ndani. Mmekaribia kumlipa mwongozaji wenu wenyewe.

Hesabu ya pamoja

Colosseum euro 18, Pantheon 5, usafiri 3, mwongozaji 16.67. Jumla ni euro 42.67 kwa mtu, yaani shilingi 6,400. Kikundi kizima ni euro 512, dhidi ya 1,440 za kifurushi.

Mkiamua Makumbusho ya Vatikani badala ya Colosseum, inakuwa euro 49.67 kwa mtu na 596 kwa kikundi. Ushauri wangu ni kuchagua jumba moja kubwa tu kwa siku. Kadi ya Roma Pass msiinunue kwa siku moja: iko ya saa 48 na ya saa 72 tu, na Makumbusho ya Vatikani hayamo.

Panapovuja fedha

Maji. Mji una chemchemi ndogo za chuma zipatazo 2,500, wenyeji wakiziita nasoni, zilizoanza kuwekwa mwaka 1874. Maji yake ni safi, ya baridi na ya bure. Chupa tatu kwa kila mtu kwa euro 2 ni euro 72 kwa kikundi. Chukueni chupa tupu kutoka hotelini.

Chakula. Kahawa unayoinywa umesimama kaunta ni nafuu. Ukiketi meza iliyotazama uwanja mashuhuri, kahawa ileile hupanda mara kadhaa. Someni orodha ya bei kabla ya kuketi. Pizza ya kukatwa huuzwa kwa uzito na bei huandikwa kwa gramu 100, kwa hiyo mwonyesheni muuzaji kwa kidole akate wapi.

Faini. Tiketi ya karatasi isiyopitishwa kwenye mashine ndani ya basi huhesabiwa kuwa si tiketi, na faini yake inazidi euro 50. Kuketi kwenye Ngazi za Kihispania kumepigwa marufuku tangu 2019, na faini yaweza kufika euro 400. Mkoba wa nembo bandia barabarani humletea faini hata mnunuzi.

Wezi. Basi namba 64, linalotoka kituo cha Termini kuelekea Vatikani, linajulikana kwa wachomoaji. Mfuko wa kikundi usikae kwa mtu mmoja.

Mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, la sivyo mlangoni mwa basilika mtarudishwa au mtanunua shali kwa bei ya dharura. Kanga moja mkobani inamaliza kazi hiyo.

Uamuzi

Kikundi cha wazee kichukue basi la ghorofa bila kujilaumu. Kikundi kisicho na mtu wa kupanga, chenye fedha za kutosha, kinunue kifurushi kutoka kampuni inayoandika wazi kiingilio ni kiasi gani na huduma ni kiasi gani. Kikundi kilichoishiwa kitembee kwenye makanisa na viwanja kwa euro 8, Pantheon na usafiri zikiwamo, na kitarudi kimeiona Roma.

Wengine wote, kaeni pamoja mwezi mmoja na zaidi kabla ya safari, mwandike majina kama yalivyo kwenye pasipoti, mchague jumba moja, mtafute mwongozaji mwenye leseni, na siku mauzo yanapofunguliwa mweka hazina awe mbele ya kompyuta. Lipieni maelezo, msilipie magurudumu. Picha ya Colosseum kila mtu atarudi nayo. Anayerudi na habari zake ndiye atakayewasimulia wajukuu.