MVUA YA MIAKA KUMI

Mwezi Aprili na Mei, 2024, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 katika nchi jirani ya Kenya. Jijini Nairobi nyumba za Mathare zilisombwa na maji, na Serikali ikaliagiza jeshi lisaidie kuwahamisha watu. Maafa ya namna hiyo yatokeapo, watu huuliza: je, wahandisi hawakujua kwamba mvua itanyesha?

Walijua. Lakini hakuna jiji liwezalo kugharimia mitaro ya kumeza kila mvua. Kwa hiyo mhandisi huchagua mvua moja ya kipimo: itanyesha kwa muda gani, itafikia milimita ngapi, na itapamba moto dakika ipi. Mwaka 1974, maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilitoa utaratibu wa kukadiria mvua kubwa za Kenya, Uganda na Tanzania.

Siku hizi mvua hiyo hulishwa katika programu ya kompyuta. Programu huinyesha juu ya ramani ya mji, ikahesabu maji yanayotiririka kutoka kwenye mabati, lami na viwanja, kisha ikaonyesha mtaro upi utafurika, na saa ngapi. Mtaa uliokuwa shamba jana, leo umejaa mabati; mvua ni ile ile, lakini maji yafikayo mtaroni ni mengi zaidi, na hufika upesi zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mvua iitwayo ya miaka kumi si mvua ijayo mara moja kila baada ya miaka kumi. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika kumi ya kupata mvua kubwa kiasi hicho au kuzidi. Yaweza kunyesha mwaka huu na mwakani pia. Katika muda wa miaka kumi, nafasi ya kuipata walau mara moja ni kama asilimia 65. Mtaro uliojengwa kwa mvua hiyo haukuahidi usalama. Uliahidi kiasi fulani tu cha usalama.

Tena, programu hulihesabu kalvati kuwa wazi, isipoambiwa vinginevyo. Huko Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili, 2024, njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka. Maji yalijikusanya nyuma ya tuta, yakafumuka usiku, na makumi ya watu wakafa.

Ndugu askari, ninyi ndio mnaoitwa usiku kushika kamba na mitumbwi. Basi doria ya mchana ikutapo kalvati lililozibwa, au kibanda kilichojengwa juu ya mtaro, taarifa itolewe siku hiyo hiyo. Hesabu ya mhandisi ilifanywa kwa mtaro ulio wazi. Ukizibwa, hata mvua ndogo ya kila mwaka yatosha kuua.