Nyota ya Martin Luther: Unajimu na Mwaka wa Kuzaliwa Usiojulikana

Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa mwaka 1517, alizaliwa Eisleben, katika eneo la machimbo ya shaba la Mansfeld. Mahali hapana ubishi. Siku nayo inajulikana: ilikuwa usiku wa 10 Novemba, na kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martin, mtoto akabatizwa na kupewa jina la mtakatifu huyo. Kilichobaki na utata ni mwaka. Vitabu vingi huandika 1483, lakini Luther angali hai wapo walioshikilia 1484, na yeye mwenyewe hakuwa na kauli moja.

Utata wa namna hiyo ulikuwa jambo la kawaida. Katika karne ya 15 madaftari ya ubatizo hayakuwa yakiandikwa kwa utaratibu; Kanisa Katoliki liliyafanya kuwa ya lazima mwaka 1563, kwenye Mtaguso wa Trento. Familia nyingi zilikumbuka siku kwa jina la mtakatifu wake, na mwaka ukasahaulika. Philipp Melanchthon, profesa wa Wittenberg na rafiki wa karibu wa Luther, alimuuliza jambo hili Margarethe, mama yake Luther. Mama alikumbuka vizuri siku na saa, kwamba usiku ulikuwa umekwenda sana, saa tano imekwisha kupita. Kuhusu mwaka hakuwa na hakika. Ni Jakob, ndugu yake Luther, aliyeeleza kwamba nyumbani kwao iliaminika kuwa ni 1483. Melanchthon aliyaandika hayo mwaka 1546, baada ya Luther kufariki.

Kwa nini saa ilitafutwa

Melanchthon aliuamini unajimu, kama walivyouamini wasomi wengi wa zama zake. Ulifundishwa vyuoni pamoja na hisabati na tiba, na wafalme walikuwa na wanajimu wao. Ili kupiga falaki ya mtu, mnajimu alihitaji mambo matatu: mahali, tarehe na saa ya kuzaliwa. Kwa hayo aliligawa anga katika nyumba 12, kila nyumba ikitawala upande mmoja wa maisha, kama vile mali, ndoa, kifo na dini. Kisha alitazama kila sayari imeangukia nyumba gani na buruji gani.

Saa ilikuwa na uzito wa pekee. Buruji zote 12 huchomoza upande wa mashariki katika muda wa siku moja, kila moja ikichukua takriban saa mbili. Kosa la saa mbili tu liliweza kuihamisha sayari kutoka nyumba ya dini hadi nyumba nyingine kabisa. Kosa la mwaka lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa liliondoa hata sayari zinazokwenda polepole mahali pake. Mtu asiye na tarehe ya hakika, kwa kanuni za unajimu wenyewe, hakuwa na nyota inayoweza kusomwa.

Mkutano wa 1484

Mwaka 1484 ulikuwa na mvuto wake. Kila baada ya miaka 20 hivi, Mshtarii na Zohali huonekana zimekaribiana angani. Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad wa karne ya 9, alifundisha kwamba mikutano mikubwa ya sayari hizo hutangaza manabii, dini mpya na kuanguka kwa falme. Mafundisho yake yalitafsiriwa kwa Kilatini na kuenea Ulaya. Mnamo Novemba 1484 sayari hizo mbili zilikutana katika buruji ya Nge. Mnajimu Paul wa Middelburg alikuwa ameutabiri mkutano huo, na Johannes Lichtenberger akachukua maneno yake katika kitabu cha utabiri kilichochapishwa mwaka 1488. Humo ilitajwa habari ya mtawa atakayeleta mageuzi katika dini.

Basi Luther alipojulikana Ulaya nzima, wengi walimwona kuwa ndiye. Luca Gaurico, mnajimu wa Italia aliyekuja kuwa askofu, alitengeneza chati ya Luther kwa tarehe ya 22 Oktoba 1484. Katika chati hiyo sayari tano, Mshtarii na Zohali zikiwemo, zimekusanyika katika Nge, ndani ya nyumba ya tisa, ambayo ni nyumba ya dini. Kwa Gaurico huo ulikuwa ushahidi kwamba Luther ni mzushi aliyepotea. Gaurico alifika Wittenberg mwaka 1532, mwaka mmoja baada ya Margarethe kufariki, na Melanchthon akampokea kwa heshima.

Lililo zito zaidi ni kwamba tarehe hiyo ilikubaliwa hata upande wa Luther. Johann Carion, mnajimu wa Brandenburg, na Erasmus Reinhold, mwanahisabati wa Wittenberg, walibadilisha saa ili sayari zilezile ziangukie nyumba zenye heri. Girolamo Cardano wa Milano akaja na chati nyingine, ya 22 Oktoba 1483. Katika barua ya mwaka 1539, Melanchthon alikiri kwamba siku aliyoitaja mama ni ya hakika, lakini mwenyewe akauelekea mwaka 1484, ambao Gaurico aliupendelea.

Picha ya mtawa na shetani

Kitabu cha Lichtenberger kilikuwa na picha iliyochongwa kwenye ubao. Inaonyesha watawa wawili: mmoja mkubwa, amevaa joho, na shetani amemkalia mabegani, mwingine mdogo, amesimama nyuma yake. Wapinzani wa Luther walisema mtawa huyo mkubwa ni yeye, na shetani ndiye bwana wake. Upande wa Luther ukajibu kwamba shetani yuko shingoni, hayumo moyoni: anamtesa mtawa, lakini hamtawali. Picha ni moja, na kila upande uliikuta imani yake humo.

Msimamo wa Luther

Luther mwenyewe hakuikubali elimu ya unajimu. Mwaka 1527 aliandika utangulizi wa toleo la Kijerumani la kitabu cha Lichtenberger. Alikubali kwamba Mungu huweza kuonya kwa ishara za mbinguni, lakini akasema utabiri wa wanajimu hauna hakika. Alitumia mfano wa Esau na Yakobo: baba mmoja, mama mmoja, kuzaliwa kumoja, na maisha mbalimbali. Alikumbusha pia mwaka 1524, sayari zilipokutana katika buruji ya Samaki na wanajimu wakatangaza gharika. Gharika haikuja. Vita vya Wakulima, vilivyowaka 1524 na 1525 na kuua maelfu, alisema Luther, hakuna mnajimu aliyevitabiri.

Uzito wa ushahidi

Wanahistoria wengi hubaki na 10 Novemba 1483, ingawa wapo wanaopendekeza 1482 au 1484. Tarehe hiyo inategemea kumbukumbu ya mama kuhusu siku na saa, jina la ubatizo, na neno la ndugu kuhusu mwaka. Tarehe ya 22 Oktoba haina shahidi hata mmoja. Ilichaguliwa kwa sababu iliuleta mkutano wa sayari karibu na mtoto ambaye umashuhuri wake ulikuwa umekwisha kujulikana. Wanajimu walidai kusoma maisha kutoka kwenye tarehe. Kwa Luther waliyajua maisha kwanza, kisha wakaitafuta tarehe ya kuyafaa. Chati iliyotengenezwa kwa njia hiyo haithibitishi kitu, iwe imekusudiwa kumsifu mtu au kumlaani.