Je, Wajua? Risasi ya Tembo Iliyouawa na Sheria

Je, wajua kwamba kuna risasi ya kuwindia tembo iliyoondolewa sokoni na sheria, ilhali yenyewe ilifanya kazi yake barabara? Ni .450 Nitro Express, iliyotolewa mwaka 1898 na kampuni ya bunduki ya John Rigby ya Uingereza.

Kabla yake, aliyetaka kumkabili tembo alijitwika karibu mzinga. Bunduki iliyojulikana kama bore 4 ilipewa namba hiyo kwa kuwa ratili moja ya madini ya risasi ilitoa gololi nne tu za kuujaza mtutu wake, kila moja gramu 113 hivi. Bunduki yenyewe ilifika kilo 10. Zaidi ya uzito, baruti nyeusi ilitoa moshi mzito: ukishafyatua humwoni tembo, na tembo aliyejeruhiwa hana subira ya kungoja moshi upungue.

Rigby alitumia kordaiti, baruti yenye moshi kidogo iliyobuniwa Uingereza mwaka 1889. Ukilifungua ganda la zamani la .450, lenye urefu wa milimita 83 hivi, humwagikiwi na unga. Unakuta nyuzi za hudhurungi zimesimama wima, mithili ya tambi ndani ya pakiti. Nyuzi hizo za gramu 4.5 tu zilirusha kichwa cha gramu 31 kwa kasi ya mita 655 kwa sekunde. Mwindaji akaachana na gololi za robo ratili.

Kordaiti ilikuwa na adui wake: joto. Jua likiwa kali, shinikizo ndani ya mtutu hupanda, ganda huvimba na kung'ang'ania. Hapo hupakii nyingine, na mnyama yuko hatua chache mbele yako. Ndiyo maana watengenezaji walipunguza baruti katika risasi za kupelekwa nchi za joto.

Lakini kilichoimaliza .450 ni siasa. Jeshi la Uingereza lilikuwa na bunduki ya Martini-Henry tangu mwaka 1871, nayo ilitumia risasi ya .577/450. Bunduki nyingi za aina hiyo zilikuwa zimeangukia mikononi mwa watu waliopinga utawala wa Waingereza, na watawala wakahofia kwamba risasi za wawindaji zingewapa watu hao vichwa vya kujazia maganda yao. Mwaka 1907 wakapiga marufuku risasi za .450 India na Sudan. Ukiniuliza mimi, hofu hiyo ilitiwa chumvi. Risasi nzima ya Rigby haikai katika Martini, kwa hiyo muasi angelazimika kununua risasi ya bei ghali ili aing'oe kichwa.

Watengenezaji walikwepa marufuku kwa kubadili kipenyo tu. Holland & Holland wakaleta .465, Joseph Lang .470, wengine .475 na .476. Nguvu zao zilikuwa karibu sawa na za .450. Tembo hakuona tofauti.

Huku kwetu Afrika Mashariki .450 hazikutoweka. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909, alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, zawadi ya marafiki zake Waingereza. Ilitumia .500/450, ndugu wa karibu wa risasi ya Rigby.

Baada ya Vita Kuu ya Pili soko lilidorora, na katika miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch, msambazaji mkubwa wa risasi hizi, kikaacha kuzitengeneza. Kufikia hapo Wamarekani walikuwa wameshaleta mshindani wa bei nafuu, .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956. Kipenyo cha kichwa chake ni inchi 0.458, kilekile cha .450 ya Rigby.