Safari ya Kwanza ya Dar es Salaam kwa Mtu wa Bukene

Kila mwaka baada ya mavuno, watu wa Bukene na vijiji vya jirani husafiri kwenda pwani. Wengine huenda kununua bidhaa, wengine kumtazama ndugu, wengine kumpeleka mgonjwa Muhimbili, na vijana huenda chuoni. Wengi katika hao hawajauona mji mkubwa hata mara moja. Wapo warudio na furaha na habari nyingi za kusimulia. Na wapo warudio mikono mitupu, fedha ya mpunga wa mwaka mzima imechukuliwa na mjanja mmoja kwa muda wa dakika kumi. Hawa wa pili aghalabu si wajinga kuliko wale wa kwanza, ila hawakuambiwa mapema mambo machache ambayo kila mwenyeji wa mjini ayajua. Basi twaona yafaa kuyaeleza hapa, ili walimu na wazee wapate kuwasomea wale wajiandaao kwa safari.

Safari ya pwani si jambo jipya kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na nguo ilipita nchi ya Unyamwezi, na kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa mtu mzima kamili. Alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, akaenda kwa miguu hata Bagamoyo, kisha akarudi. Mzungu Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Juni. Yaani safari ya miezi mitatu. Lakini wazee wale hawakwenda kila mtu peke yake. Kila msafara ulikuwa na kirangozi, mtu aliyeijua njia, aliyetangulia mbele na kujua mahali pa maji na mahali pa hatari. Msafiri wa leo huenda upesi sana, lakini mara nyingi huenda bila ya kirangozi, na hapo ndipo taabu huanzia.

NJIA ZA KWENDA

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na Bukene ni stesheni katika tawi hilo. Kwa hiyo mtu wa Bukene anayo bahati ambayo wengi hawana: reli yapita mlangoni pake. Kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 840. Treni hazipiti kila siku. Yampasa msafiri aulize stesheni siku na saa, tena aulize karibu na siku ya kuondoka, maana mvua kubwa huweza kuharibu njia na kubadili ratiba.

Njia ya pili ni barabara. Mtu hutoka Bukene kwenda Nzega, ambako barabara ya Tabora na Mwanza hukutana na ile ya Singida, na hapo hupanda basi lipitalo Singida, Dodoma na Morogoro. Na tangu Julai 2024 iko njia ya tatu, ya kuchanganya: kwenda kwa basi mpaka Dodoma, kisha kupanda treni ya umeme ya reli mpya, ifikayo Dar es Salaam kwa muda wa kama saa nne. Msafiri wa njia hii afahamu mambo mawili. Kwanza, stesheni ya treni hiyo hapo Dodoma si ile kongwe, basi asimwambie dereva "stesheni" tu, bali aseme "stesheni ya treni ya umeme". Pili, achukue kitambulisho chake, maana huhitajiwa katika kukata tikiti.

MJI ULIVYOPANGWA

Mgeni afikapo Dar es Salaam huona wingi wa nyumba na watu, akadhani mji hauna mwanzo wala mwisho. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo. Hata hivyo mji wenyewe waeleweka upesi, kwa mtu aliyeelezwa.

Nyosha mkono wako wa kushoto, kiganja chini, vidole vikielekea magharibi. Kiganja ndicho katikati ya mji, penye bandari na bahari upande wa mashariki. Vidole ndivyo barabara kubwa, na nyingi zilipewa jina la mahali ziendako. Barabara ya Bagamoyo huenda kaskazini. Barabara ya Morogoro huenda magharibi, nayo ndiyo njia ya kwetu, maana mtu akiifuata daima hufika Dodoma, Singida na Nzega. Barabara ya Nyerere, iliyoitwa zamani barabara ya Pugu, huenda uwanja wa ndege. Barabara ya Kilwa huenda kusini, kwa njia ya Mbagala. Tena iko Barabara ya Mandela, ambayo huzikata hizo kama kamba ifungayo vijiti, kutoka Ubungo kwenda upande wa bandari. Mtu akikumbuka barabara hizi, hata akipotea aweza kuuliza, "Barabara ya Morogoro iko wapi?" na kutoka hapo akarudi alikotoka.

Mabasi ya mikoani hayaingii tena katikati ya mji. Tangu mwaka 2021 kituo chao kikubwa kiko Mbezi Luis, katika Barabara ya Morogoro, mbali na bandari. Wageni wengi hushuka hapo wakidhani wamekwisha kufika, kumbe ingali safari nyingine. Bali treni ya umeme humfikisha mtu katikati ya mji hasa.

VYOMBO VYA MJINI

Daladala ndilo gari la watu wengi. Jina hilo husemekana latokana na sarafu ya shilingi tano, ambayo watu waliiita dala, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nauli katika siku za kwanza. Kila daladala huandikwa mbele mahali litokapo na mahali liendapo. Soma maandishi hayo mwenyewe. Usitegemee sauti ya mpiga debe, maana kazi yake ni kujaza gari. Ukisha kuingia, mwambie konda jina la kituo chako, na umwombe mtu wa karibu akuonyeshe kitakapofika. Watu wa mjini huwa na haraka, lakini akiulizwa kwa heshima, "Samahani, kaka," au "Shikamoo, mama," ni mara chache mtu kukataa kujibu.

Mei 2016 yalianza pia mabasi marefu ya mwendokasi, yaliyojengewa njia yao peke yao katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hata Kivukoni. Faida yake ni kwamba hayazuiwi na foleni ya magari. Nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Bajaji na bodaboda huenda mahali pasipofika daladala. Lakini patana bei kabla ya kupanda, wala si baada ya kushuka. Mapatano baada ya safari ni ugomvi.

Kuvuka barabara nako kwahitaji uangalifu. Mtu wa kijijini amezoea kusikia gari kabla ya kuliona. Mjini kelele ni nyingi, na masikio hayasaidii. Tazama kulia, tazama kushoto, kisha tazama tena kulia, uvuke pamoja na wengine penye alama za kuvukia.

MAMBO YA KUTAZAMA

Mtu aliyemaliza shughuli yake asirudi bila ya kuona mji. Mengi hayana gharama kubwa, na baadhi yake yahusu habari za babu zetu wenyewe.

Kwanza ni bahari. Nenda Kivukoni asubuhi, uone soko la samaki na vyombo viingiavyo. Panda kivuko uvuke mpaka Kigamboni. Ni safari ya dakika chache, na kutoka majini mji mzima huonekana. Waweza kurudi kwa gari juu ya Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680. Kando ya maji yako makanisa mawili yaliyojengwa wakati wa Wajerumani, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu. Iko pia Boma la Kale, lililoanzishwa wakati wa Sultani Majid wa Unguja, ambaye ndiye aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860. Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, wakahama kutoka Bagamoyo.

Pili ni Sanamu ya Askari, katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Wissmann, iliyoondolewa mwaka 1916. Wengi hupita wakiona mtu mwenye bunduki tu, wasisome maandishi. Maandishi hayo yawataja na wapagazi pia, waliochukua vyakula na risasi. Watu wa nchi yetu walikuwa wengi katika kazi hiyo, na wengi hawakurudi. Mtu wa Bukene asimame hapo kidogo akasome, maana huenda asomayo ni habari ya babu yake mkuu.

Tatu ni Kariakoo, nayo yafuatana na habari hiyo hiyo. Jina lake latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jeshi la wapagazi, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa kambi yao baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Beda Amuli, msanifu Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, na kazi ya kulijenga upya ikafuata. Mitaa iliyolizunguka ndiyo mahali ambapo wenye maduka wa mikoa yote hununua bidhaa.

Nne ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Hiyo ndiyo nyumba ya kuhifadhi fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa kama miaka milioni moja na robo tatu. Walimu waendao na wanafunzi wasiikose. Tena katika njia ya Bagamoyo kiko Kijiji cha Makumbusho, ambamo zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali kama zilivyokuwa zamani.

Na mwenye siku moja ya ziada aende Bagamoyo, kama kilomita 70 kaskazini. Huko ndiko misafara yetu ilikokomea. Ndiko pia Susi, Chuma na wenzao walikoufikisha mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya kuuchukua kwa miguu kupitia Unyanyembe.

HADHARI

Sasa twaja katika jambo lililo zito kuliko yote. Wezi wa mjini hawatumii nguvu sana, hutumia maneno. Zijue hila zao.

Mtu huokota bahasha mbele yako akasema, "Tugawane." Usisimame. Mwingine huuza simu nzuri kwa bei ndogo barabarani. Ukifungua kasha nyumbani, wakuta kipande cha sabuni. Mwingine hukupigia simu akijifanya mtumishi wa kampuni ya simu, akaomba namba yako ya siri. Namba hiyo haiombwi na mtumishi wa haki hata mmoja; ukimpa mtu, umempa fedha yote. Mwingine huandika, "Ile hela tuma kwa namba hii." Usitume mpaka umempigia ndugu yako mwenyewe na kuisikia sauti yake. Na mtu akupokeaye kituoni akilijua jina la kijiji chako, usimfuate kwa sababu hiyo tu. Huenda amelisikia kwako mwenyewe ulipokuwa ukizungumza na abiria.

Fedha usiiweke mahali pamoja. Weka kidogo mfukoni kwa nauli na chakula, na iliyobaki mahali pengine pasipofikiwa kwa urahisi. Usihesabu fedha mbele za watu.

Mwisho, hili ni shauri kwa wazee na walimu. Kijana akiondoka, mwandikieni katika karatasi jina la mwenyeji wake, namba yake ya simu, mtaa, na kituo cha kushukia. Simu huzimika, huibiwa, huanguka majini. Karatasi ndani ya nguo hukaa. Mpigieni mwenyeji siku moja kabla, mumwambie aina ya chombo na saa ya kufika, naye amngojee kituoni. Mwenyeji huyo ndiye kirangozi wa siku hizi. Na yule asiye na mwenyeji aulize kwa askari polisi au katika ofisi ya kituo, asione haya. Kuuliza si ujinga. Akisha kurudi salama, na awaeleze wengine aliyoyaona na nauli alizolipa, ili atakayemfuata aikute njia imekwisha kufagiliwa.