Viwanja vya Kriketi vya Jimbo la Durham

Upande wa kaskazini na mashariki wa Uingereza liko jimbo liitwalo Durham. Zamani watu wake wengi walichimba makaa ya mawe chini ya ardhi, na wengine waliunda meli penye mlango wa Mto Wear. Walipopata nafasi katika majira ya joto, walipenda sana mchezo wa kriketi. Mwaka 1882 kilianzishwa chama cha kriketi cha jimbo zima, na mwezi wa Juni mwaka ule ule kilishindana mjini Sunderland na jirani zao wa Northumberland, kikashinda.

Vyama vya majimbo ya Uingereza viligawanyika mafungu mawili. Fungu moja ni la majimbo makubwa, yenye mapato mengi na wachezaji wanaolipwa mshahara. Fungu la pili lilikuwa la majimbo madogo, nayo tangu mwaka 1895 yalikuwa na mashindano yao wenyewe. Durham ilikaa katika fungu hilo la pili kwa miaka mingi, na ilikuwa miongoni mwa hodari wake, maana ilipata ushindi wa kwanza mara 9, pamoja na mara ile ya 1895 iliposhirikiana ushindi na wengine. Lakini chama hodari kama hicho hakikuwa na kiwanja chake hata kimoja.

Je, kilicheza wapi? Kilikaribishwa na vyama vya miji. Mara kilicheza Ashbrooke, katika mji wa Sunderland. Mara Feethams, katika mji wa Darlington. Mara Hartlepool, kando ya bahari, au Stockton, au Gateshead. Katika mji wa Durham wenyewe kiko kiwanja cha chuo kikuu, karibu na mto, ambapo zamani farasi walishindanishwa mbio. Basi mwenyeji wa shindano alikuwa mgeni katika nyumba ya mtu mwingine.

Desturi hiyo ilikuwa na faida yake. Chama cha mji kilitoa kiwanja, na chama cha jimbo kilileta wachezaji mashuhuri. Mchimba makaa hakulazimika kusafiri mbali ili awaone, kwa kuwa wao wenyewe walifika mjini kwake. Tena gharama za kutunza majani mwaka mzima hazikulilemea jimbo peke yake.

Lakini kutunza kiwanja cha kriketi si kazi ndogo. Katikati yake pana ukanda wa ardhi wenye urefu wa yadi 22, yaani meta 20 na zaidi kidogo, na upana wa futi 10. Kila mwisho wa ukanda husimikwa vijiti vitatu. Mtupaji hurusha mpira kutoka upande mmoja ili aviangushe vijiti vya upande wa pili, naye mpigaji huvilinda kwa gongo lake. Kwa kawaida mpira hugonga ardhi kabla ya kumfikia mpigaji, kwa hiyo hali ya ukanda ni jambo kubwa sana. Ukiwa na mashimo, mpira huruka ovyo, na huweza kumjeruhi mtu. Ukikauka na kupasuka, mpira huugusa ukanda ukageuka kando.

Kwa sababu hiyo mtunza kiwanja huanza kazi siku nyingi kabla ya mchezo. Huunywesha ukanda maji, hukata majani mpaka yabaki mafupi mno, kisha hupitisha gogo zito la kuviringisha, mara nyingi, hata ardhi ikaze kama sakafu. Sheria za kriketi zimeweka kipimo cha ukanda, lakini hazikuweka kipimo kimoja cha kiwanja kizima. Kwa hiyo kila kiwanja kina tabia yake, na mchezaji aliyezoea kimoja hana budi kujifunza kingine. Wachezaji wa Durham walijifunza vingi.

Mwaka 1973 elimu hiyo ilionekana. Durham ilikwenda Harrogate kushindana na Yorkshire, moja katika majimbo makubwa yenye sifa kuu, ikaishinda. Katika mashindano yale ya kombe hapakuwa na jimbo dogo lililopata kushinda jimbo kubwa kabla ya siku ile.

Mwishoni mwa mwaka 1991 Durham ilikubaliwa kuingia katika majimbo makubwa, ikaanza kucheza nayo mwaka 1992. Tangu Glamorgan mwaka 1921 hapakuwa na jimbo jingine lililopandishwa hivyo. Lakini ilipewa sharti: ijenge kiwanja kinachofaa kwa mashindano ya mataifa. Kikajengwa Chester-le-Street, karibu na Mto Wear, mahali panapotazamwa na ngome ya kale ya Lumley. Mchezo wa kwanza wa jimbo ulichezwa hapo mwaka 1995.

Nyumba hiyo ilileta fahari. Durham ilipata ushindi wa kwanza miongoni mwa majimbo makubwa mwaka 2008, 2009 na 2013. Na mwaka 2013 Uingereza iliishinda Australia katika kiwanja hicho. Lakini nyumba kubwa hula mali nyingi. Gharama za kiwanja na za kuyapokea mashindano ya mataifa zilizidi mapato, madeni yakaongezeka. Mwaka 2016 wakubwa wa kriketi wa Uingereza walikitolea chama msaada wa pauni milioni 3.8, na pamoja na msaada wakatoa adhabu. Durham ilishushwa daraja la pili, ikanyimwa mashindano makubwa ya siku 5, na mwaka uliofuata ilianza ikiwa na upungufu wa alama 48. Wachezaji hawakuwa wameshindwa uwanjani, maana walikuwa wamemaliza wa nne katika daraja la kwanza. Walilipa deni lililofanywa nje ya uwanja. Iliwapasa kungoja mpaka mwaka 2023 ndipo waliposhinda daraja la pili na kurudi juu.

Wahenga walisema, mtu hujikuna ajipatapo. Si vibaya kutamani nyumba yako mwenyewe, nayo Durham isingalipata ushindi wa mwaka 2008 kama ingalikataa kujenga. Lakini anayejenga na ahesabu mambo mawili: fedha za kujengea, na fedha za kutunzia. Hesabu ya kwanza hufanywa mara moja. Ya pili hurudi kila mwaka, kama vile majani ya kiwanja yanavyoota tena kila yakikatwa.