Meseji haijaingia, pesa imeingia

Mteja ameshalipa kwa simu. Simu yake imelia na kumjulisha kwamba malipo yamekamilika. Ya muuzaji iko kimya. "Meseji haijaingia," anasema muuzaji, na kilo mbili za mchele zinabaki juu ya mizani. Mmoja anaona anashukiwa wizi, mwingine anahofia kuibiwa. Wote wawili wanaichukulia meseji kana kwamba ndiyo pesa yenyewe, kumbe ni barua tu, tena barua yenye posta yake.

Posta hiyo ni kompyuta ya kampuni ya simu, yaani kituo cha meseji, na namba yake imehifadhiwa ndani ya laini yako. Ukibonyeza "tuma", ujumbe hupitia mnara ulio karibu, ukafika kituoni, ukawekwa hapo kwanza. Simu ikikuandikia "imetumwa", maana yake ni kwamba posta imepokea. Mwenzako huenda bado hana habari.

Kituo huuliza daftari kuu la wateja: namba hii iko eneo gani? Likishajibu, minara ya eneo hilo huiita simu. Simu ikiitika hupewa ujumbe, nayo hurudisha taarifa kwamba imepokea. Taarifa hiyo ikipotea njiani, kituo hudhani barua haikufika na kuituma upya. Ndiyo maana kuna siku meseji ileile huingia mara mbili. Simu ikiwa imezimwa, daftari huweka alama. Ikiwashwa na kujitambulisha kwa mnara, kituo huarifiwa, na meseji za tangu jana humiminika kwa mpigo. Ikikaa kimya mpaka muda uliowekwa na kampuni upite, barua hufutwa.

Katika mitandao ya GSM, barua hizi hazipiti njia ya sauti. Hupita kwenye mkondo mwembamba wa ishara, ambao simu na mnara huutumia kupeana taarifa: nani anapigiwa, nani amehama eneo. Kwa hiyo meseji yaweza kuingia hata ukiwa katikati ya maongezi.

Wembamba huo ndio uliozaa kipimo cha herufi 160. Mwaka 1985, mjini Bonn, Mjerumani Friedhelm Hillebrand alichapa sentensi za kawaida kwa taipureta na kuzihesabu. Karibu zote hazikuvuka herufi 160. Barua ikapewa baiti 140, yaani biti 1,120, na kila herufi biti 7. Gawanya, utapata 160. Desemba 3, 1992, huko Uingereza, Neil Papworth akatumia kompyuta kumtakia Richard Jarvis wa Vodafone heri ya Krismasi, na meseji ya kwanza ikawa imefika.

Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo vijana wetu wakabana: "2po", "cjui". ("Xaxa" haikuokoa hata herufi moja, hiyo ilikuwa mikogo.) Bahati yetu ni kwamba herufi zote za Kiswahili zimo katika alfabeti ile ya biti 7. Mtego uko kwenye "ng'ombe": baadhi ya simu hukipindisha kile kijikoma cha juu, na kilichopinda hakimo. Kikiingia hicho, au kikatuni kimoja cha kucheka, ujumbe wote huhamia alfabeti ya biti 16 na nafasi hushuka hadi herufi 70. Meseji ya herufi 150 iliyokuwa moja huhesabiwa tatu.

Turudi dukani. Pesa zilihama kwenye kompyuta za huduma ya pesa kabla barua ya kutangaza habari hiyo haijaandikwa. Barua ikichelewa, pesa haijachelewa. Na kinyume chake ni hatari zaidi: jina linaloonekana juu ya meseji huandikwa na mfumo ulioituma, hivyo tapeli naye aweza kukuletea barua nzuri isiyo na pesa nyuma yake.

Ile menyu ya nyota na reli haina posta. Huzungumza na mtandao papo kwa papo. Muuzaji afungue menyu, aangalie salio, kisha ampimie mwenzake mchele.