Kwa nini redio ya lori dogo kutoka Japani haishiki stesheni nyingi Kenya na Uganda, na namna ya kuibadilisha kwa usalama

Malori madogo na pikapu zilizokwisha kutumika Japani ndizo zinazobeba mboga, saruji, kreti za soda na vyombo vya wanaohama nyumba katika miji mingi ya Kenya na Uganda, kama ilivyo hapa kwetu Tanzania. Toyota Hilux na Dyna, Mitsubishi Canter, na Suzuki Carry ambayo Watanzania wengi huiita kirikuu, husifiwa kwa uvumilivu wa injini. Redio zake, hata hivyo, hazina sifa hiyo. Dereva aliyeko Nairobi hutafuta stesheni kutoka mwanzo hadi mwisho wa bendi ya FM, akapata chache tu, na sehemu iliyobaki ni mvumo mtupu.

Wengi hudhani kwamba redio imechakaa au antena imekatika. Mara nyingi redio hiyo ni nzima kabisa. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Bendi mbili zinazogusana ncha tu

Katika Afrika Mashariki, kama ilivyo Afrika nzima na Ulaya, matangazo ya FM hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Mpangilio wa masafa hayo kwa nchi za Afrika na Ulaya uliafikiwa Geneva mwaka 1984 chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Ndiyo maana redio iliyonunuliwa Mombasa hufanya kazi Kampala, Kigali na Lubumbashi bila kubadilishwa chochote.

Japani ilifuata njia yake. Kwa miongo mingi FM ya nchi hiyo ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, kwa sababu masafa ya kuanzia 90 hadi 108 yalikuwa yametengewa chaneli za kwanza tatu za televisheni ya analojia. Televisheni hiyo ilizimwa mwezi Julai 2011 katika sehemu kubwa ya nchi, na mwezi Machi 2012 katika mikoa mitatu iliyoathiriwa na tetemeko la ardhi na tsunami. Kuanzia mwaka 2014 Japani iliongeza matangazo ya FM hadi karibu na megahezi 95, na redio za magari yaliyotengenezwa baadaye zikaanza kufika huko.

Kwa lori la zamani, basi, hesabu ni rahisi. Bendi yetu ina upana wa megahezi 20.5. Redio inayoishia 90 inakutana nayo kati ya 87.5 na 90 tu, yaani megahezi 2.5, ambayo ni kama sehemu moja ya nane. Dereva aliyeko Kampala ataipata CBS, redio ya Buganda, kwenye 88.8. Akifika Nairobi hataipata Capital FM kwenye 98.4, na akiwa Kinshasa hataisikia Radio Okapi kwenye 103.5.

Masafa ya kati, yaani AM, hayana tatizo hilo. Japani na Afrika hutumia hatua ileile ya kilohezi 9 kati ya stesheni na stesheni, kwa hiyo redio ya Kijapani huyapokea bila shida mahali ambapo bado yanarushwa.

Si suala la muziki peke yake

Kwa dereva wa lori dogo, redio ni chombo cha kazi. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 nchini Kenya, ambayo yaliua watu zaidi ya 200, barabara kadhaa zilikatika kwa saa au siku nyingi. Aliyekuwa na mzigo wa nyanya njiani alihitaji kujua mapema kama apite au arudi. Habari kama hizo hutangazwa na redio za taifa na za kaunti, mara nyingi kwa Kiswahili au kwa lugha ya eneo husika.

Simu haiwezi kuchukua nafasi hiyo kikamilifu. Hula bando, hupoteza mtandao mabondeni, na humtaka dereva aondoe macho barabarani. Redio iliyokaa vizuri kwenye dashibodi huguswa kwa kidole kimoja na kuachwa iseme.

Zaidi ya hayo, magari haya hayatoweki upesi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Vikomo hivyo huhusu gari linapoingia nchini. Lililokwisha kuingia huendelea kufanya kazi miaka mingi baadaye, likiwa na redio yake ileile.

Kifaa cha kuhamisha masafa: nafuu yenye mipaka

Njia ya bei ndogo ni kufunga kijisanduku kati ya antena na redio. Kijisanduku hicho huteremsha masafa kwa kiasi maalumu ili yaangukie ndani ya bendi ya Kijapani. Kikiwa cha megahezi 14, stesheni ya 98.4 itasikika redio inapoonyesha 84.4.

Mpaka wake uko kwenye hesabu ileile. Bendi ya Kijapani ya zamani ina upana wa megahezi 14, nayo yetu ina 20.5, kikubwa hakiwezi kuingia chote ndani ya kidogo. Kifaa cha megahezi 14 huleta stesheni za kuanzia 90 hadi 104, na zilizo juu ya hapo hubaki nje. Cha megahezi 18 huleta za kuanzia 94 hadi 108, lakini huziacha zile za kati ya 90 na 94. Aidha, stesheni yenye nguvu iliyo kati ya 87.5 na 90 inaweza kupenya moja kwa moja na kugongana na iliyoteremshwa. Kwa mfano, kifaa cha megahezi 18 huiweka stesheni ya 106.8 mahali palepale pa 88.8.

Kwa mtu asafiriye katika mji mmoja na mwenye stesheni mbili au tatu anazozipenda, kifaa hiki kinaweza kutosha. Kwa avukaye kaunti na mipaka, kubadilisha redio nzima ndilo suluhisho la kudumu.

Kwanza pima volti

Hapa ndipo makosa ya gharama hutokea. Redio karibu zote za magari zinazouzwa madukani ni za volti 12. Hilux na Carry hutumia volti 12 pia. Lakini Canter nyingi zilizotoka Japani hutumia volti 24, zikiwa na betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, na Dyna zipo za aina zote mbili. Redio ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 24 inaweza kuungua papo hapo.

Baadhi ya mafundi hukwepa tatizo hilo kwa kuchukua umeme wa redio kutoka betri moja kati ya mbili. Redio italia, lakini betri zitaumia. Ile inayolisha redio hupungua kila siku kuliko mwenzake, ilhali altaneta huzichaji zote kwa pamoja kana kwamba ziko sawa. Moja hubaki na njaa na nyingine huvimbiwa, na baada ya muda lori hukataa kuwaka alfajiri. Gharama ya betri mbili za lori huzidi kwa mbali faida ya ujanja huo.

Njia sahihi ni kufunga kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, chenye uwezo wa ampea unaoizidi fyuzi ya redio. Redio nyingi huwa na fyuzi ya ampea 10 au 15 mgongoni. Kishusha volti kidogo kuliko mahitaji hayo hupata joto, na joto nyuma ya dashibodi ya plastiki ni mwanzo wa moto.

Ukubwa wa tundu na bendi ya redio mpya

Tundu la kawaida la redio lina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Lile la kimo maradufu lina milimita 100. Toyota na Daihatsu za soko la Japani mara nyingi zina tundu la upana wa milimita 200, hivyo redio ya kawaida huacha mwanya pembeni. Mwanya huo huzibwa kwa fremu maalumu. Kulazimisha kwa vipande vya mbao au karatasi huifanya redio itikisike katika barabara ya vumbi hadi nyaya zilegee.

Mnunuzi asome maandishi ya kwenye boksi au aiwashe redio dukani, ahakikishe kwamba inaonyesha 87.5 hadi 108. Redio nzuri iliyotumika Japani na kuuzwa hapa kama kipuri itarudisha tatizo lilelile. Redio ya soko la Marekani nayo huruka kwa hatua za megahezi 0.2, ikisimama kwenye 98.3 na 98.5 bila kutua kwenye 98.4, nyingi huwa na mpangilio wa kuchagua eneo, na mpangilio huo ubadilishwe kabla ya kuondoka dukani.

Nyaya tatu zenye maana tofauti

Kabla ya kugusa chochote, waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Iwapo gari lina redio yenye ramani, mwenye gari ajue kwamba baadhi ya redio hizo hujifunga umeme unapokatika na kudai namba ya siri. Kama anataka kuiuza baadaye, namba hiyo itafutwe kwanza.

Kwenye redio mpya, waya wa manjano hupokea umeme wa kudumu kutoka betri, ndio unaotunza saa na kumbukumbu ya stesheni. Waya mwekundu hupokea umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Waya mweusi huenda kwenye bodi. Manjano na nyekundu zikibadilishana nafasi, redio husahau stesheni kila gari linapozimwa. Zote mbili zikiunganishwa na umeme wa kudumu, redio inaweza kulala macho usiku kucha na kuinyonya betri.

Rangi hizo ni za nyaya za redio. Nyaya za lori lenyewe zaweza kuwa na rangi nyingine kabisa, hasa kama limekwisha kupitia mikononi mwa mafundi kadhaa. Kila waya upimwe kwa mita, ufunguo ukiwa umezimwa na kisha ukiwa umewashwa, ndipo uunganishwe. Viungo vilehemiwe kwa risasi au vibanwe kwa vibanio vyake na kufunikwa vizuri. Kupindapinda waya na kuuzungushia tepu peke yake hakuvumilii mtikisiko wa lori. Na kama waya mpya unavutwa kutoka betri, fyuzi iwekwe karibu na betri, ili waya ukichubuka na kugusa chuma, kiungue kipande cha fyuzi badala ya gari.

Spika na antena

Katika baadhi ya malori ya zamani sana, spika mbili hutumia waya mmoja wa hasi, au hasi ya spika imefungwa kwenye bodi ya gari. Redio za kisasa hazikubali mpangilio huo. Kila spika inataka nyaya zake mbili kutoka redio hadi mlangoni, na hakuna hata mmoja unaopaswa kugusa chuma. Kupuuza jambo hili huua kikuza sauti cha redio mpya siku ya kwanza. Ni vyema pia kuangalia nyuma ya spika za zamani. Karatasi yake ikiwa imechanika, redio mpya itatoa sauti ya kukwaruza na lawama isiyo yake.

Antena ya Kijapani haihitaji kutupwa. Robo ya urefu wa wimbi kwa megahezi 98 ni takribani sentimita 77, na kwa megahezi 83 ni takribani sentimita 90, tofauti isiyozuia upokeaji mzuri. Kinachoharibu upokeaji ni kutu kwenye kitako chake, waya uliochubuka na plagi iliyolegea. Kama antena ina kikuza mawimbi, waya wa buluu wa redio uunganishwe nayo, la sivyo hata redio bora itakuwa kiziwi.

Kabla ya kumlipa fundi

Redio ijaribiwe kabla ya dashibodi kufungwa. Mwenye lori awashe injini na kusikiliza kama kuna mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Mlio huo mara nyingi huashiria waya mweusi usioshika chuma safi. Ajaribu stesheni moja ya mwanzo wa bendi, moja ya katikati na moja ya karibu na 108. Azime gari, asubiri dakika chache, aliwashe tena na kuona kama stesheni zimehifadhiwa. Mwisho aguse kishusha volti, kama kipo: uvuguvugu ni wa kawaida, lakini kikiunguza mkono kibadilishwe kabla lori halijatoka gereji.